Mpumzikaji wa Bi Somoe

Kama una kazi mkononi, imalize kwanza ndipo urudi, maana hadithi hii haipendi kusomwa na mtu anayechungulia saa. Inamhusu Msabaha Kheri, karani wa forodha, na jinsi alivyopewa kazi ya kupumzika katika nchi ya Pilikani.

Huyu Msabaha alikuwa mtu wa kazi, na nikisema mtu wa kazi sina maana ya kumsifu. Likizo zake alizilimbikiza mwaka baada ya mwaka, akisema atazila zote akistaafu, mpaka mkuu wake akachoka kumwona, akamfungia mlango wa ofisi. Asubuhi ya kwanza nyumbani alizipanga upya sufuria za mkewe kwa ukubwa wake. Asubuhi iliyofuata akaanza kumfundisha mkewe, Bi Nargisi, namna bora ya kukuna nazi. Bi Nargisi alikuwa akikuna nazi tangu hajajua kusuka nywele. Aliinuka taratibu kutoka kwenye kibao cha mbuzi, akajipangusa mikono.

"Mume wangu," alisema, "dunia ni pana. Hebu katembee. Ukishajua la kufanya na nafsi yako, utanikuta hapa hapa."

Basi akatoka, na njia aliyopita haina la kusimuliwa. Lenye kusimuliwa ni lango la Pilikani, ambako afisa mmoja mwenye macho mekundu alimuuliza amekuja kufanya nini.

"Nimekuja kupumzika," alisema Msabaha.

"Karibu sana. Kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yangu mwenyewe."

Afisa akaweka muhuri wake mezani, akatazama huku na huku kama mtu aliyesikia tusi mbele ya wakwe zake. "Bwana mgeni," alinong'ona, "umebahatika umenikuta mimi. Angekuwa mwingine ungekuwa umeshafungwa kamba. Hapa mtu mwenye heshima zake hajipumzishi. Hupumzikiwa."

Akamweleza, na nitaeleza kwa ufupi kuliko yeye, kwa sababu alipenda sana vifungu vya sheria. Wapilika wanaithamini faragha kuliko watu wote duniani. Katiba yao inasema kila raia ana haki ya muda wake baada ya kazi, na kwamba haki hiyo hainyang'anyiki. Shida ilikuwa moja tu, kwamba hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuitumia. Haki ikawa inaoza majumbani, na serikali ikaona aibu. Ndipo waziri mmoja wa zamani alipopata wazo: kama unaweza kumtuma mtu sokoni akununulie samaki, kwa nini usimtume kivulini akukalie? Tangu hapo kila raia wa maana ana mpumzikaji wake. Raia hufanya kazi, mpumzikaji hupumzika, na jioni humjia bosi wake na kumpa taarifa kwamba amepumzika.

"Na bosi huburudika?" aliuliza Msabaha.

"Kisheria, ndiyo," alisema afisa.

Kwa kuwa mgeni asiye na mwajiri hakuruhusiwa kukaa bure, Msabaha aliandikishwa hapo hapo kuwa mpumzikaji. Lakini hakukabidhiwa bosi mara moja. Alizungushwa kwanza mjini ajifunze kazi, na aliyoyaona huko alikuja kuyasimulia mpaka uzeeni.

Aliona bustani zimejaa watu wazima wakicheza drafti kwa niaba ya mameneja wa benki. Aliona mzee mmoja akila barafu ya ukwaju kwa niaba ya hakimu, amekunja uso ili asikose hata chembe ya ladha ya kwenda kueleza. Pwani alimkuta mwanamke anayemwogelea daktari wa upasuaji, na daktari huyo alikuwa na cheti ukutani kinachomtangaza bingwa wa kuogelea, ingawa maji alikuwa akiyaona bombani tu. Aliona kijana na msichana wakitembea ufukweni wameshikana mikono kwa ncha za vidole; walikuwa wapumzikaji wa bwana na bibi harusi, na mkataba haukuwaruhusu kushikana zaidi ya hapo.

Tena wapumzikaji wenyewe walikuwa hoi. Kupumzika kutwa nzima kwa niaba ya mtu mwingine, kwa kiwango kinachotakiwa na serikali, si mchezo. Kwa hiyo mpumzikaji wa waziri alikuwa na mpumzikaji wake, na huyo naye alikuwa na wake, na mlolongo uliendelea hivyo hadi mtaa wa mwisho wa mji, ambako ilisemekana yuko mbuzi mmoja.

Siku moja walimpeleka kwenye Baraza Kuu asikilize mjadala. Hoja ilikuwa kicheko: mpumzikaji akicheka akiwa kazini, kicheko ni cha nani? Mjumbe mmoja alisema ni cha bosi, kwa hiyo mpumzikaji akibane mpaka jioni, aende akakitoe mbele ya mwenyewe. Mjumbe mwingine alisema kicheko kikibanwa huchacha, akatoa mfano wa shangazi yake. Wakavutana mpaka Sheha Mkuu, Bi Mwatima, mama mnene mwenye sauti ya taratibu aliyekuwa akipitia makabrasha muda wote bila kuinua kichwa, akaamua kwamba tabasamu ni la mpumzikaji, ila kicheko kikishatoka sauti ni cha bosi. Wajumbe wakapiga makofi. Msabaha naye akapiga, kwa sababu jirani yake alimtazama vibaya.

Hatimaye akakabidhiwa bosi wake. Alikuwa Bi Somoe, msimamizi wa kiwanda cha kamba za katani, mwanamke mrefu mkavu, mikono imeota sugu, mwenye sifa ya kutowahi kuketi tangu alipoajiriwa. Watu walisema karibu atapewa viwanda vyote vya kamba vya Pilikani, na walilisema hilo kwa heshima ya kunong'ona.

"Mapumziko yangu ni mepesi," alimwambia Msabaha huku akikagua fundo. "Alasiri nakwenda kwa baba yangu kilimani, narusha naye vishada. Wewe ndiye utakayekwenda. Jioni unaniletea taarifa. Sheria ya taarifa unaijua?"

"Iwe kamili, na iwe ya furaha."

"Na iwe fupi," alisema Bi Somoe. Hakuwa amemtazama usoni.

Nyumba ya baba yake ilionekana kutoka dirisha la kiwanda. Mtu akipiga ukelele kwa nguvu angesikika. Lakini kumtembelea mzazi, kwa kuwa si kazi, kulihesabiwa kuwa ni mapumziko, na Bi Somoe hakuwa mtu wa kujipumzisha. Mara ya mwisho aliyokwenda kwa miguu yake, ukuta wa ua ulikuwa haujajengwa, na sasa ulikuwa umeshaanza kubomoka.

Mzee Shekue alikuwa amekaa uani, amezungukwa na vijiti vya chelewa, karatasi za rangi na kibakuli cha gundi ya uji wa muhogo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, aliona mwanga na vivuli tu, na kazi yote aliifanya kwa vidole. Aliposikia viatu vya Msabaha alisema, bila kugeuka, "Umekuja, Somoe?"

Msabaha, mwenye masharubu na kitambi, alisita. Lakini alikuwa amefundishwa. Sheria ilimtaka mzee amwite mpumzikaji kwa jina la mtoto, na ilimtaka mpumzikaji aitike.

"Nimekuja, Baba," alisema, na uso ukamwaka kwa aibu.

"Mwaka huu umekuwa mzito," alisema mzee. "Mwaka jana ulikuwa na kikohozi na ukinuka tumbaku. Mwaka juzi ulikuwa binti mdogo, ukilia lia. Haya, kaa. Shika hapa."

Ndivyo walivyoanza. Msabaha alikuwa hajui kitu. Vijiti alivivunja, karatasi aliichana, gundi ikamwingia masharubuni, na kishada chake cha kwanza kilipanda hadi usawa wa kuku kikaanguka juu ya kuku. Mzee Shekue alicheka mpaka akashika mbavu. Alimfundisha kupima mkia kwa shubiri, kuhisi upepo kwa shingo, kutoa uzi na kuubana. Na siku moja, bila kutarajia, kishada kilipanda. Kilipanda moja kwa moja, kikasimama juu huko, kikamvuta.

Sasa hapa lazima niseme jambo. Yule karani alikuwa ameshika vitu vingi maishani mwake, lakini hakijapata kumvuta kitu namna ile. Uzi ulitetemeka kiganjani kama kuna mtu hai upande wa pili anayemuuliza, upo? Naye alijibu kwa kuvuta kidogo, nipo. Alisahau forodha, akasahau kwamba alikuwa pale kwa niaba ya mtu. Alifurahi, basi. Alifurahi kama mtoto, na mzee alijua bila kuona.

Lakini jioni, alipokwenda kiwandani na kusimama mbele ya Bi Somoe, alipata maneno haya tu: "Leo umerusha kishada. Umefurahi."

"Nashukuru, nimefurahi," alisema Bi Somoe, na kuendelea kuhesabu marobota.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, alasiri baada ya alasiri, mpaka Sikukuu ya Upepo ikakaribia. Hii ndiyo sikukuu kubwa ya Pilikani. Kila mzazi hupanda kilimani na kishada chake, mpiga mbiu humwambia ataje jina la mtoto, na atakayetajwa hupokea uzi. Siku zote huitwa jina la mtoto na anakuja mpumzikaji wake, watu wanapiga makofi, yanakwisha. Ila sheria ya asili, ambayo hakuna aliyekumbuka kuifuta, ilisema kwamba jina litakalotajwa pale juu ndilo la mtoto halali, na ambaye hakutajwa ni mtu baki. Hana mlango katika nyumba ile, na mzee akifa haitwi hata kuja kumzika.

"Jina lako hasa nani?" Mzee Shekue aliuliza alasiri moja, katikati ya kupaka gundi.

Msabaha alishtuka. Swali hilo lilikuwa kosa kisheria. "Somoe, Baba."

"Wacha mchezo, mwanangu. Nakuuliza jina ulilopewa na mama yako."

"Msabaha."

"Msabaha." Mzee alilitafuna jina lile polepole. "Sikiliza, Msabaha. Miaka yote nimesimama pale juu nikaita Somoe, akaja mtu mwingine. Nimechoka kumwita asiyekuja. Mwaka huu nitaita jina la mkono ninaoujua, na mkono ninaoujua ni wako."

"Mzee wangu, mimi nina kwetu. Nina mke. Na binti yako yuko pale chini, paa la kiwanda linaonekana kutoka hapa!"

"Linaonekana na wewe," alisema mzee. "Mimi silioni." Akainamisha kichwa, na Msabaha aliona kwamba gundi ilikuwa imekauka vidoleni mwake naye hajagundua. "Simchukii. Nampenda, ndiyo maana nimechoka."

Jioni hiyo Msabaha alikwenda kiwandani mbio mbio. Mlangoni alisimama Bwana Ngwali, Mkaguzi wa Faragha wa mtaa ule, mtu mwembamba ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza taarifa zote zisitoke nje ya mstari.

"Bi Somoe," alianza Msabaha, "baba yako ana huzuni. Anataka..."

Bwana Ngwali akakohoa. "Taarifa ya huzuni si taarifa ya mapumziko," alisema. "Hiyo imefutwa. Anza upya."

"Lakini sikukuu ikifika, yeye..."

"Imefutwa. Ukirudia tena, unafutwa wewe."

Msabaha alimtazama yule mwanamke aliyeinamia kamba zake, asiyejua kwamba zimebaki siku chache tu za yeye kuwa mtoto wa mtu, na alimhurumia, akamkasirikia, vyote pamoja. Akatafuta neno ambalo ni la furaha na ni la kweli, na neno lililokuja lilikuwa moja.

"Leo umevutwa," alisema.

Bi Somoe akainua uso. Ilikuwa mara ya kwanza. "Nimevutwa na nini?"

"Na kishada. Na upepo."

"Vipi?"

"Yaani... kinakuvuta. Kisha kinakuachia. Kisha kinakuuliza."

"Kinaniuliza nini? Bwana, taarifa yako ina matundu. Mkaguzi yupo hapa. Sheria inasema iwe kamili."

"Kweli," alisema Bwana Ngwali. "Iwe kamili."

"Basi itakuwa kamili," alisema Msabaha. Akatoa mfukoni uzi wa kishada, akampa Bi Somoe ncha moja aishike, akaenda na nyingine hadi mwisho kabisa wa kiwanda, nyuma ya kamba nene zilizoning'inizwa zikauke, mahali asipoonekana. Akavuta kidogo. Akalegeza. Akavuta tena kwa mitetemo, kama upepo wa kilimani.

"Eh!" alisema Bi Somoe.

Halafu, taratibu, Msabaha akahisi uzi ukivutwa upande wa pili. Akajibu. Akavutwa kwa nguvu zaidi, karibu aanguke, na hapo ndipo kiwanda kizima kiliposikia sauti ambayo hakijapata kuisikia. Bi Somoe alikuwa anacheka.

Wafanyakazi wakaacha kusokota. Msabaha alipotoka nyuma ya zile kamba alimkuta bosi wake ameketi juu ya robota, ameketi kabisa, ameukamata ule uzi kwa mikono miwili, na machozi yanamtiririka.

"Nilikuwa na surua," alisema, kama anayezungumza na uzi. "Nimefungiwa ndani, wenzangu wote wako nje. Baba alirusha kishada juu ya paa, akapitisha uzi dirishani, akaufunga kwenye kidole changu gumba cha mguu. Nikashinda nimelala hivyo, kinanivuta. Nilikuwa nimesahau. Nimesahau vipi jambo kama hilo?"

"Samahani," alisema Bwana Ngwali, na kwa kweli alionekana kusikitika. "Bi Somoe, nakukamata kwa kosa la kujipumzisha."

Kesi ilisikilizwa Baraza Kuu, mbele ya Sheha Mkuu. Msemaji wa Chama cha Wapumzikaji ndiye aliyeanza, kwa uchungu. "Waheshimiwa, leo kacheka mwenyewe. Kesho ataketi mwenyewe, keshokutwa atakwenda pwani mwenyewe. Sisi na watoto wetu tukale wapi?" Wapumzikaji waliojaa ukumbini wakapiga meza.

Akasimama wakili wa Bi Somoe, aliyeletwa na wenye viwanda. Hoja yake ilikuwa kali kama wembe. Uzi ni nini, aliuliza, kama si kamba nyembamba? Na kuvuta kamba ni nini kwa msimamizi wa kamba, kama si kupima ubora wake? Mteja wake alikuwa kazini. Kuhusu kicheko, alikubali kwamba kilitoka sauti, lakini akaleta shahidi wa kueleza kwamba vumbi la katani huwasha koo.

Bi Mwatima aliitikia kwa kichwa huku akigeuza makabrasha yake. "Jambo jepesi," alisema. "Mwanangu Somoe, wiki ijayo unakabidhiwa viwanda vyote vya kamba. Hakuna anayetaka kukuharibia. Sema ilikuwa kazi, utie saini, ukaendelee na shughuli zako. Ilikuwa kazi, au ilikuwa mapumziko?"

Bi Somoe alikuwa amesimama. Msabaha, aliyekuwa kizimbani pembeni yake kama mshiriki wa kosa, alimwona akizisugua sugu za mikono yake. Cheo kile alikuwa amekisubiri maisha yake yote, na watu wa kiwanda walikuwa wameshamshonea kanzu ya kukipokelea.

"Ilikuwa mapumziko," alisema. "Na yalikuwa yangu."

Ukumbi ukalipuka. Bi Mwatima aliinua kichwa kutoka kwenye makabrasha, na wazee waliokuwepo waliapa kwamba hawakuwa wanajua rangi ya macho yake kabla ya siku ile. Akatoa hukumu kwa masikitiko. Cheo apewe mwingine. Mgeni Msabaha afukuzwe kazi, na jua la Sikukuu ya Upepo lisimzamie ndani ya nchi. Na Bi Somoe, kwa kuwa amejipumzisha, anyang'anywe haki ya kupumzikiwa. Atajipumzisha mwenyewe kila alasiri, kwa mwili wake, mpaka ajute, na adhabu ianze siku ya sikukuu, hadharani, raia wote wakishuhudia.

"Sisi wenyewe?" aliuliza mjumbe mmoja kwa hofu. "Hatuwezi kutuma watu?"

"Kushuhudia adhabu ni wajibu," alisema Bi Mwatima. "Wajibu ni kazi. Kazi haina mbadala."

Kwa hiyo siku ya Sikukuu ya Upepo kilima cha Pilikani kilibeba watu ambao hakijapata kuwabeba. Walikuja mameneja wa benki, mahakimu, na yule daktari bingwa wa kuogelea. Wote walikuja kwa miguu yao, na nyuma ya kila mmoja alisimama mpumzikaji wake, hana la kufanya.

Mzee Shekue alikuwa juu kabisa, kishada chake chekundu kimeshapanda. Habari za kesi alikuwa amezisikia nusu nusu, na hakujua aziamini vipi. Msabaha alisimama karibu naye, kifurushi cha safari begani.

"Mzee Shekue!" alinadi mpiga mbiu. "Taja jina!"

Mzee akanyoosha mkono wenye uzi, akafungua kinywa. Kabla hajasema kitu, mkono mwingine ukaupokea ule uzi. Kwa mkono wake wa pili mzee akaupapasa ule mkono mgeni, kiganja, vidole, sugu za katani.

"Mkono huu siujui," alisema.

"Ni wangu, Baba," alisema Bi Somoe. "Huujui kwa sababu sikukupa nafasi uujue. Nimekosa, Baba. Nisamehe."

Kishada kilimpiga Bi Somoe mvuto mmoja wa ghafla, naye akakaza uzi kwa nguvu zake zote, kama alivyozoea kukaza kamba, na kishada kikaanza kuzunguka na kushuka.

"Ebo!" alifoka mzee. "Unafunga meli? Hiki ni kishada. Kikikatika kitakwenda arijojo, ukose hata wa kumlaumu! Mpe upepo, mama, mpe!"

"Kinanivuta, Baba!"

"Ndiyo kazi yake kuvuta! Na wewe zungumza naye. Hivi. Taratibu. Hivi."

"Mzee Shekue," alisema mpiga mbiu, "bado jina."

"Subiri!" alisema mzee. "Huoni tunacheza?"

Mpiga mbiu hakupata kuambiwa na mtu asubiri mchezo. Akamtazama Sheha Mkuu. Sheha Mkuu akatafuta kifungu, hakukipata. Sheria ilisema jina litajwe. Haikusema kwa haraka gani. Nao mashahidi hawakuweza kuondoka mpaka litajwe. Basi wakasubiri. Walisubiri wamesimama, kisha wakasubiri wameegemea, kisha meneja mmoja akavua viatu kwa sababu vilimbana, akaketi majanini, na wengine wakaona si vibaya. Hakimu akanunua barafu ya ukwaju, akailamba, akasimama ghafla, akamgeukia yule mzee mpumzikaji wake kwa mshangao. "Mbona hukuniambia ni kali hivi?" aliuliza. Bwana Ngwali alitoa kalamu aandike makosa, akatazama ni wapi aanzie, kisha akaachia macho yafuate kile kishada na kusahau kuyarudisha.

Bi Mwatima alimwita mpumzikaji wake. "Hapa kilimani huwa unanifanyia nini?"

"Huwa nakukalia tu, mheshimiwa."

"Unakaa tu vipi?"

"Hivi," alisema mpumzikaji, akampangusia mahali pembeni yake.

Na pale juu baba na binti walikuwa wamesahau kama kuna watu. Kishada kilikuwa kimetulia sasa. Mzee Shekue aliweka kidole kimoja juu ya uzi, mbele ya mikono ya binti yake, akisikiliza.

"Somoe," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi, "legeza kidogo."

Mpiga mbiu akaruka. "Je, huko ndiko kutaja rasmi?"

Binti alilegeza kidogo.

Jua lilikuwa linashuka, na Msabaha alikumbuka hukumu yake. Hakuaga. Aliteremka kilima akiwa na kipande cha ule uzi wa kiwandani mfukoni, na njiani alijiandaa kwa swali la afisa wa langoni, maana alijua ataulizwa tu kama amepumzika, na kwa niaba ya nani. Jibu lilikuwa lile lile la siku ya kwanza, ila safari hii lilikuwa la kweli, na alitaka kulisema kwa sauti.

Alikuta kiti kitupu na muhuri umelala mezani. Afisa naye alikuwa kilimani. Msabaha akacheka peke yake pale langoni, akalichukua jibu lake, akampelekea Bi Nargisi.